Mandhari na Ukumbusho: Wachoraji wa Lubumbashi na Kiswahili cha Mji wa Migodi



Awali ya yote naishukuru Taasisi kwa kunipa fursa ya kutoa mhadhara huu. Huenda baadhi yenu mlipoona tangazo lake mlijiuliza uchoraji una uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo mada yangu ya leo. Nitadai kwamba katika mji wa Lubumbashi, ulioko kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wachoraji na wanunuzi wa picha waliizungumzia ardhi ya migodi kwa neno moja la Kiswahili, nalo ni ukumbusho. Nitadai pia kwamba sisi tunaojiita wataalamu wa lugha hii tumelipita neno hilo bila kulisikiliza, kwa sababu waliolitumia hawakuzungumza Kiswahili tunachokisahihisha madarasani.

1. Mandhari ni nini?

Tuanze na neno tunalolitumia sisi. Mchoraji anapochora milima, mto, kijiji au mji, twasema amechora mandhari. Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama. Mandhari, basi, ni kile kinachoonekana. Ndani ya neno lenyewe kuna mtu aliyesimama mahali fulani, yu mbali kidogo, anaangalia. Hatuambiwi ni nani, wala ana uhusiano gani na anachokiangalia. Ardhi imelala mbele yake, naye ana macho tu.

Sasa tulitazame neno la pili. Ukumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, nacho ni kauli ya kusababisha ya kumbuka, kama vile angusha ilivyo kwa anguka na washa kwa waka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kauli hii huongeza mshiriki katika sentensi. Katika kukumbuka yupo mtu na jambo lake. Katika kukumbusha yuko pia anayemfanya mwenzake akumbuke. Kwa hiyo kitu kinachoitwa ukumbusho hakilali mbele ya macho ya mtazamaji. Kinamfanyia jambo. Mbele ya mandhari twauliza: kuna nini pale? Mbele ya ukumbusho hatuna budi kuuliza: nani anamkumbusha nani, na anamkumbusha nini?

Kamusi zetu hulieleza neno ukumbusho kuwa ni kitu cha kumfanya mtu akumbuke, kama sanamu au zawadi. Maelezo hayo ni sahihi, ila ni finyu. Ili tuone upana wake hatuna budi kwenda kwenye mji wenyewe.

2. Mji uliozaliwa na shaba

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika huko, nao ukaitwa Élisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na tanuri la kuyeyushia shaba lilianza kazi mwaka 1911. Dohani ya kiwanda hicho, pamoja na kilima cheusi cha taka za tanuri kilichokua kando yake mwaka hadi mwaka, vikawa alama ya mji. Katika nchi iliyo tambarare kwa sehemu kubwa, hicho ndicho kilima ambacho kila mkazi alikiona, na kilikuwa kimejengwa kwa jasho la watu.

Wafanyakazi wa mwanzo wengi walitoka nchi za kusini, zikiwemo Zambia na Malawi za leo. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920 kampuni ilibadili sera. Iliajiri watu kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, ikawataka waje na wake zao na kuishi kambini kwa muda mrefu. Kambi ilikuwa na nyumba, posho, zahanati, shule na kanisa, vyote chini ya jicho la kampuni. Katika mkusanyiko huo wa watu wa lugha nyingi Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha lugha ya nyumbani. Kilikuwa kimekwisha kufika Katanga kabla ya Wazungu, katika misafara ya biashara na katika dola ya Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, aliyeuawa Bunkeya mwezi Desemba 1891. Lakini kukua kwake mijini, kama Johannes Fabian alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, hakutenganiki na haja ya mwajiri kuwa na lugha moja ya kuamrisha.

Hapa pana jambo la kutafakari. Lugha iliyokuzwa ili watu wapokee amri, watu hao hao waliigeuza kuwa lugha ya kumhukumu mwajiri. Mwaka 1965 aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, André Yav, alitoa maandishi yaliyopigwa taipu kwa Kiswahili cha mji huo, yakieleza historia ya Élisabethville kwa jicho la maboi na wapishi. Jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini mwili wake ni Kiswahili. Hiyo ni historia ya mji wa Kiafrika iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu wa tabaka la chini. Nawauliza wenzangu: ni idara ngapi zetu za Kiswahili zimepata kuisomesha?

3. Msitu usio na dohani

Uchoraji wa turubai katika mji huu una mikondo miwili ambayo yafaa ilinganishwe. Wa kwanza ulianza mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hapo walikulia wachoraji hodari kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Picha zao zinapendeza hadi leo: ndege, samaki, nyoka, majani na wawindaji, vimejazana turubai nzima bila nafasi tupu. Mwalimu wao aliwataka wachore kutoka katika hazina yao wenyewe na wasiige Ulaya, na katika hilo alikuwa na nia njema.

Hata hivyo, tukizitazama kazi hizo tukikumbuka zilichorwa wapi, jambo moja linagutusha. Karakana ilikuwa katika mji wa tanuri na reli, ilhali katika picha hizo tanuri na reli havina nafasi. Wanunuzi wakubwa walikuwa Wazungu, na walitaka Afrika ya msitu na mto. Hiyo ndiyo mandhari kwa maana kamili ya neno: ardhi iliyopangwa kwa ajili ya mtazamaji aliyesimama nje yake, naye hatakiwi kukumbushwa lolote kuhusu mshahara anaolipa. Sisemi hivi kuwadharau mafundi hao. Nasema kwamba soko lilikuwa limeamua mapema kipi kitaonekana na kipi hakitaonekana.

4. Picha za sebuleni

Mkondo wa pili ulishamiri baada ya uhuru, hasa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wachoraji wake wengi walijifunza wenyewe au kwa wenzao. Walitumia turubai za magunia ya unga na rangi za dukani. Wanunuzi wao walikuwa wafanyakazi, makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, waliotundika picha hizo sebuleni.

Fabian na Ilona Szombati-Fabian, walioutafiti uchoraji huo wakati huo, walionyesha kwamba picha zilikuwa na aina zinazotambulika, na kwamba aina hizo zilipangika kwa nyakati: mambo ya mababu, mambo ya kale, mambo ya karibuni na mambo ya sasa. Kulikuwa na mamba-muntu, yule nguva anayetoa utajiri kwa masharti. Kulikuwa na picha iliyoitwa Colonie Belge, ambamo mfungwa anachapwa viboko mbele ya mzungu na askari. Kulikuwa na vita vya kujitenga kwa Katanga, kulikotangazwa tarehe 11 Julai 1960. Kulikuwa na kijiji chini ya miti, na kulikuwa na kiwanda. Picha ya namna hiyo, iwe ya kijiji au ya bomba la moshi, wenyewe waliiita ukumbusho.

Wako wahakiki waliozibeza picha hizi kwa sababu zinarudiwarudiwa. Mchoraji mmoja aliweza kuchora Colonie Belge mara nyingi sana. Lakini msomaji wa ushairi wa Kiswahili hana sababu ya kushtushwa na hilo. Hatumlaumu malenga kwa kutunga katika bahari iliyotungwa na waliomtangulia, wala kwa kurudi kwenye mada iliyokwisha kuimbwa. Twamsikiliza aone atasema nini ndani ya kipimo hicho. Mnunuzi wa Lubumbashi naye hakutafuta picha ambayo hakuna aliyeiona. Alitafuta picha ambayo mgeni akiingia sebuleni ataijua papo hapo, na mazungumzo yataanza: baba yangu alifanya kazi pale, mimi nilikuwapo siku ile, nawe je? Kurudia ndiko kulikoiwezesha picha kutenda kazi yake ya kukumbusha.

5. Tshibumba Kanda-Matulu: ardhi kama hoja

Aliyeupeleka mkondo huu mbali kuliko wote ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, mfululizo wa picha zaidi ya mia moja unaosimulia historia ya nchi yake tangu kabla ya ukoloni hadi wakati ujao kama alivyouwazia. Alijiita mchoraji na mwanahistoria. Mazungumzo yao juu ya picha hizo yalifanyika kwa Kiswahili, na mwaka 1996 yakawa msingi wa kitabu Remembering the Present.

Je, Tshibumba alikuwa mchoraji wa mandhari? Kwa maana ya kawaida, hapana, kwani picha zake zimejaa watu. Lakini nadai kwamba ardhi iliyo nyuma ya watu hao si pambo. Chukueni picha yake mashuhuri ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili mitatu imelala mbele. Kwa nyuma imesimama misalaba mitatu. Hapo ardhi ya Katanga imegeuzwa Golgotha. Mchoraji hajatuonyesha mahali palivyo. Ametuambia mahali hapo pana maana gani. Tukiiita picha hiyo mandhari tutakuwa tumeisoma nusu. Ni hoja iliyotamkwa kwa ardhi.

Vivyo hivyo alilichora tukio la mwaka 1941. Tarehe 9 Desemba mwaka huo wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari mjini Élisabethville, katika kiwanja cha mpira, na makumi ya watu wakafa. Kwa aliyezaliwa mjini hapo, kiwanja hicho hakiwezi kuwa kiwanja tu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wanaisimu moja kwa moja. Maandishi yaliyomo katika picha za Tshibumba kwa kawaida ni ya Kifaransa, lugha ya serikali na ya shule. Maelezo ya picha, ubishi juu yake na mawazo yaliyoizaa ni ya Kiswahili. Kwa maneno mengine, Kifaransa kiliandikwa juu ya turubai, Kiswahili kilisemwa kando yake. Anayeitazama picha bila kuyasikia mazungumzo amepata anwani bila barua. Na katika mazungumzo hayo Tshibumba anatumia mara kwa mara kitenzi kuwaza. Kwake kukumbuka hakukuwa kuhifadhi vitu vya jana kama nguo sandukuni. Kulikuwa ni kufikiri, kupima na kuhukumu. Hapo ndipo maelezo ya kamusi zetu yanapopungukiwa.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilikatika, na hakuonekana tena. Picha alizomchorea Fabian zimo katika makumbusho mjini Amsterdam. Neno makumbusho limetoka katika mzizi ule ule wa ukumbusho, na hapa mzizi huo unatuwekea fumbo zito. Kitu kilichotengenezwa ili kimkumbushe mtu wa Lubumbashi, kimewekwa mbele ya mtu asiye na la kukumbuka. Kimehifadhiwa vizuri, na tushukuru. Lakini kimerudishwa kuwa mandhari.

6. Tanuri lilipopoa

Union Minière ilitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye kampuni ya serikali ikaitwa Gécamines. Toka mwaka 1971 hadi 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba, yaani lilibeba jina la Kiswahili la madini yake. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi uliporomoka. Miaka iliyofuata ikaja na uporaji, uchakavu wa mitambo na kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walikuwa mafundi na wafanyakazi wa migodini. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kazini, baada ya wengi kukaa miezi mingi bila mshahara. Kampuni za kigeni zimerudi Katanga tangu hapo, na hata kile kilima cheusi kilianza kuyeyushwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kupata kobalti. Lakini ule mji wa kambi, posho na zahanati haukurudi.

Magofu yana hatari yake. Karakana iliyoota kutu chini ya anga pana ni kitu kizuri kutazama, na mgeni mwenye kamera huweza kuondoka na picha nzuri isiyomdai kitu. Yaani ile mandhari ya msitu usio na dohani hurudi kwa sura nyingine: dohani isiyo na watu.

Aliyelijibu jambo hili kwa nguvu ni Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Yeye ni mpigapicha, si mchoraji, lakini kazi yake ni ya ukoo ule ule. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alipiga picha za rangi za magofu ya Gécamines, kisha akabandika juu yake watu waliokatwa kutoka picha za kikoloni zisizo na rangi: wafanyakazi, wasimamizi, wafungwa wenye minyororo shingoni. Wamesimama hapo mahali walipofanyia kazi, wanatutazama. Gofu halituachi tulifurahie peke yake. Kwa maana niliyoieleza, Baloji ameichukua mandhari akaifanya ukumbusho. Wala si bahati tu kwamba jumuiya ya wasanii aliyoshiriki kuianzisha mjini Lubumbashi, ambayo tangu mwaka 2008 imeandaa maonyesho makubwa ya sanaa mjini humo, ilipewa jina la Kiswahili: Picha.

7. Hitimisho

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba Kiswahili cha Katanga hakina upatanisho kamili wa ngeli, kwamba wenyewe husema bantu badala ya watu, kwamba kimechanganyika na Kifaransa, na kwamba mwanafunzi akikisoma ataharibikiwa. Kiswahili sanifu kiliegemezwa katika lahaja ya Unguja na kikasimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Kongo haikuwamo. Siupingi usanifishaji, ninaandika kwa lugha hiyo na mhadhara huu ni ushahidi. Ninachopinga ni kuufanya mpaka wa usanifu kuwa mpaka wa fikra. Mtu anaweza kukosea ngeli kwa kipimo chetu, na papo hapo akawa ameliona ndani ya neno la Kiswahili jambo ambalo sisi wenye ngeli zote hatukuliona.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, matini za Kiswahili cha Kongo, kama ile ya André Yav na mazungumzo ya Tshibumba, ziingizwe katika kozi zetu za fasihi na isimujamii, na zisomwe kama matini, si kama orodha ya makosa. Pili, watunga kamusi walitazame upya neno ukumbusho, pamoja na waza na mawazo, na waonyeshe matumizi ya Katanga kwa alama za lahaja kama wanavyofanya kwa maneno ya Pemba au Lamu. Tatu, wanafunzi wanaofanya utafiti katika miji iliyojengwa na migodi wasiishie kuhesabu maneno ya mkopo. Waingie sebuleni, waulize kilichotundikwa ukutani, wakae wasikilize kinachosemwa kando yake, na wakirekodi. Waliozikumbuka kambi zile kwa macho yao wanapungua kila mwaka, na turubai peke yake haisemi.

Wanafunzi wapenzi, mtakapokutana tena na picha ya mji wa migodi, iwe ya rangi au ya kamera, msiridhike na kuuliza imechorwa vizuri kiasi gani. Ulizeni inamkumbusha nani, inamkumbusha nini, na ni nani angependa asikumbushwe. Maswali hayo tumefundishwa na watu wa Lubumbashi, kwa Kiswahili.